Ramani Niliyoishona Kinyume

Amani mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: umekwenda kuaga wenzako, mfuko wako uko mlangoni, na mama yako ameukalia kana kwamba akiinuka utaondoka wenyewe. Yangu nayo unaijua. Basi salamu tuziruke.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuficha simu kwenye basi, ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua, mama yako ameyasema tangu juzi na atayarudia asubuhi mpaka gari liondoke. Mimi sina la kuongeza. Nimesukuma pembeni gauni la mteja, nimeweka karatasi juu ya meza ya cherehani, na ninaandika jua likiwa bado lipo. Gauni lenyewe ni la harusi ya Jumamosi. Mteja akija kesho atanitukana, na atakuwa na haki.

Ninataka kukuandikia juu ya besiboli. Cheka tu. Unarudi Kongo kuchimba dhahabu, nyuma ya milima ya Fizi, kulekule mimi na mama yako tulikotoka tukikimbia vita ukiwa mgongoni, na baba yako anakuletea habari za mchezo. Lakini mimi si mtu wa maneno, ni fundi nguo, na jambo pekee nililowahi kulifikiria mpaka mwisho hapa kambini Nakivale ni lile la mipira yako na mahali ilipoangukia. Kila nikijaribu kukueleza kwa nini naogopa safari hii, najikuta nimerudi pale pale. Nivumilie.

Kochi Tumwine alikuwa akitoka Nyamityobora, kule Mbarara, kila Jumamosi kwa pikipiki kuja kuwafundisha, gunia la mipira mikuukuu limefungwa nyuma. Mipira ilikuwa inafumuka, na mtu mmoja akamwelekeza kwangu. Niliitazama ile mipira midogo, migumu kama kiazi kibichi, nikamwambia nimeshona viatu, nimeshona mahema, nimewahi hata kushona mdomo wa godoro, lakini hiki sijui ni nini.

“Fundi, wewe shona tu,” akaniambia. “Hii iko mpira. Watoto watakuonyesha kazi yake.”

Nikashona kwa uzi mwekundu uliobaki kwenye mavazi ya kwaya, kisha nikaenda uwanjani kuona kama mishono yangu itashika. Ndivyo nilivyoingia katika mchezo huo, kwa wasiwasi wa fundi tu. Nilipofika, aliyeshika gongo alikuwa wewe. Sikuelewa kitu. Watu wamesimama mbalimbali kama waliokosana, mmoja anatupa, mmoja anapiga, waliobaki wanatema mate na kungoja. Nilimuuliza Kochi wataanza kucheza saa ngapi, naye akasema wameanza zamani.

Wewe ulikuwa unapiga kushoto. Karibu kila mpira wako ulikwenda kushoto, upande wa bomba la maji, mpaka wanawake waliopanga foleni na madumu yao wakawa wanakujua kwa jina, na si kwa wema. Upande wa kulia kulikuwa na shamba la mihogo, na mwenye shamba hakuwahi kukugombeza hata siku moja, maana mipira yako haikuwa na safari huko. Kochi ndiye aliyenieleza maana yake. Anayepigia mkono wa kulia, mpira wake ukienda kushoto ni kwamba amewahi, gongo limeukuta mpira mapema. Ukienda kulia kila mara, basi anachelewa. “Huyu yako anawahi,” alisema. “Jicho yake iko mbele.” Nilijifanya sijali. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yako, naye akauliza kama huko kuwahi kunaweza kukufanya uwahi na kuchota maji.

Kochi alikuwa na karatasi zake, unazikumbuka. Kila mpigaji na karatasi yake, na juu yake umechorwa uwanja: mistari miwili inaanzia pale anaposimama mpigaji na kufunguka kwenda mbele. Yeye aliona uwanja, mimi niliona shingo ya gauni, ile ya V. Kila mpira ulipoangukia aliweka nukta. Jumamosi zikipita, nukta zinakusanyika, na bila kuambiwa na mtu unaona mwenyewe: huyu anapiga karibu, huyu anapiga mbali, huyu kila akipiga anadakwa. Nilipenda jambo hilo kuliko mchezo wenyewe. Mtu anafanya kitu miezi mizima hajui anafanya nini, kisha unamwekea karatasi mbele anajiona.

Halafu mvua ikanyeshea zile karatasi, na zilizoanikwa zikaliwa na mbuzi wa jirani. Nusu ya msimu iliingia tumboni mwake. Kochi alikuja kukaa kibandani kwangu amenyong’onyea kabisa. Nikamwambia tushone. Nilikuwa na amerikani iliyobaki kwenye kazi ya mapazia, na Kochi alipouliza kitambaa hicho kinaitwaje akacheka mpaka akakohoa, kwamba mchezo wa Wamarekani umepata amerikani yake. Tukakubaliana: uzi mwekundu kwa mpira ambao hakuna aliyeudaka, mweusi kwa uliodakwa. Kila mtoto na kipande chake. Nikavitundika ukutani, na watu wakaanza kuja kutazama.

Walikuja akina mama ambao hawakuwahi kufika uwanjani. Mmoja mmoja walisimama pale wakiuliza, “Ya mutoto wangu iko wapi?” Nikiwaonyesha walitazama zile nukta kama mtu anavyotazama picha ya mwanawe akiwa mbali. Nadhani hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Watu walikuwa wananijua kama fundi wa kutia viraka. Sasa nilikuwa fundi wa kitu ambacho hata jina lake hawakulijua.

Ndipo ikaja habari ya wageni. Shule moja ya mbali ilikuwa inatafuta vijana wachache wa kuwasomesha bure kwa ajili ya mchezo huo, na watu wake wangefika Mbarara kuwatazama. Kochi akasema twende na vitambaa. Vya wenzako nilivitoa ukutani nikavikunja hivyo hivyo, mafundo nje, nyuzi zikining’inia. Chako nilikishona upya.

Nilikishona kama nguo ya harusi. Chaki upande wa ndani, mafundo upande wa ndani, kisha nikakigeuza, nikakikunja pindo, na jina lako nikalishona mwisho kabisa, upande wa nje, kwa herufi za kulala. Mkono wangu umefanya hivyo maisha yangu yote. Fundi huchora ndani ili nje pabaki safi, na kwa shati hakuna tatizo, maana anajua mkono upi utakuwa wa kulia nguo ikigeuzwa. Lakini shingo ya V ukiigeuza inabaki V. Nilipogeuza kile kitambaa, mipira yako yote ilihama bombani ikaenda kwenye mihogo, na mimi sikuona. Niliona pindo tu, jinsi lilivyonyooka.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Uwanja wa Mbarara, ule wa upande wa Biharwe, ukawa dimbwi, na wageni walikuwa wamepanga kuondoka jioni ile ile. Wakatuingiza darasani. Walitazama mkikimbia verandani, wakatazama mkirushiana mpira, na kuhusu kupiga wakasema watatazama kumbukumbu. Vitambaa vikatandazwa juu ya madawati. Walipofika kwenye chako walisimama. Yule mkubwa wao alipitisha kidole juu ya pindo, akauliza nani ameshona. Kochi akanionyesha, kisha akatoka kuwaita watoto waliobaki nje. Mgeni akanipa mkono mbele ya watu wote. Alisema maneno mazuri ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu nikiyaandika yataanza tena kunifurahisha.

Kisha akasoma jina, akakuuliza unapigia mkono upi. Ukasema wa kulia. Akatazama tena nukta zako, akasema kwa upole kabisa, “Kijana iko na nguvu, lakini anachelewa. Mpira inampita.” Akakikunja kitambaa taratibu, akakiweka upande wa wale wanaobaki.

Nilisikia. Nilishangaa kidogo, nikajiambia wenye mchezo wao ndio wanaojua. Mkono wangu ulikuwa bado na joto la mkono wake. Wewe ulikuwa unatazama pale kitambaa kilipowekwa, kisha ukanitazama mimi, ukainamisha kichwa. Nilidhani ni huzuni ya kawaida ya mtoto aliyekosa.

Tulirudi nacho, na baada ya siku chache nikawasha pasi ya mkaa nikinyooshe kabla ya kukitundika. Fundi hupiga pasi upande wa ndani. Nikakigeuza, nikaona bomba la maji. Nukta nyekundu zimejaa kushoto, pale pale kwa wale wanawake wenye madumu. Nilikigeuza nje, nikakigeuza ndani. Kila nukta ilikuwa ya kweli, nilikuwa nimeziweka kwa uangalifu kuliko kazi yoyote. Nilikuita, nikakuuliza kama ulijua.

“Nilijua, Papa. Palepale.”

“Sasa juu ya nini hukusema?”

“Balikuwa banakusifu,” ulisema. “Tangu tufike huku, sikuonaka bantu banakusifu vile.”

Ulikuwa bado mtoto, Amani. Ulisema hivyo ukaenda zako kuchota maji. Pasi iliunguza kitambaa na sikuiondoa.

Yaliyofuata unayajua. Kochi alipiga simu, akapiga tena, mpaka akajibiwa kwamba nafasi zimejaa na labda mwaka mwingine. Mwaka mwingine wageni hawakuja. Kochi naye akahamishiwa kazi mbali, akaniachia mipira michache nimalizie kushona, na hakuna aliyekuja kuichukua. Uwanja sasa una mahema ya wakimbizi waliofika juzi. Chakula cha msaada kilipunguzwa, kikapunguzwa tena, na wewe ukaacha shule ukaenda kubeba ndizi sokoni Kabingo, unarudi na mabega yaliyochubuka na sura ya mtu mzima. Hujanilaumu hata siku moja. Ningependa ungenilaumu, tungegombana, tungemaliza. Huruma yako imenichosha kuliko ambavyo hasira ingenichosha.

Kisha akarudi Espoir, yule jirani yetu wa zamani, kutoka machimboni, na pikipiki. Alileta suruali zake nizipunguze kiuno. Vipimo vyake vya kabla ya safari bado ninavyo, na nilipomzungushia tepi nikaona kiuno kimepungua sana. Wewe ulikuwa nje unatazama pikipiki. Mimi nilikuwa natazama kiuno, na ngozi ya mgongo wake, na jinsi alivyokohoa akigeuzia uso ukutani. Alipoondoka ulikuwa umeshaamua, hata kama ulichukua wiki kadhaa kusema. Na uliposema, ulisema vizuri, kuliko nilivyoweza kukujibu.

“Espoir alienda na amerudia, Papa. Claude amerudia. Na bale babili ba Rubondo. Bote balirudia na kitu.”

Siku ile nilirudi kwenye cherehani. Jibu lilinijia baadaye, chaki ikiwa mkononi. Nilichukua kipande cha kitambaa nikachora mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, nikaanza kushona vijana waliokwenda huko. Mwekundu kwa aliyerudi na kitu. Mweusi kwa yule tuliyemfanyia matanga. Kilipendeza sana. Nyekundu zilikuwa nyingi, nyeusi za kutafuta. Mtu yeyote angekitazama angesema hii ni kazi nzuri, nipeleke na wangu.

Halafu nikaanza kutazama nyumba nilizozipita bila kutia sindano. Yule ambaye mama yake anasema simu imeharibika, na imeharibika tangu mvua ya mwaka jana. Yule ambaye sote tunasema yuko Bukavu, kwa sababu kuna mtu alisema alisikia yuko Bukavu. Wale ndugu wawili ambao hakuna tena anayewauliza, ili baba yao asilazimike kujibu. Hao hawajarudi, na hatujawalilia, kwa hiyo hawana uzi wa rangi yoyote. Walikuwa wengi kuliko wenye uzi. Wanaokuja kukuhadithia dhahabu ni wale walioweza kuja, Amani. Wengine hawana mdomo mtaani kwetu.

Hata kwenye mipira ilikuwa hivyo, na mimi sikulifikiria. Mpira uliopigwa una nukta, uliokosewa hauna. Unamkumbuka Josué, aliyekuwa akipunga gongo hewani, mpira unapita anacheka? Kitambaa chake kilikuwa cheupe kabisa. Mama yake alikuja akauliza cha mwanawe kiko wapi. Nilikiona pale ukutani, nikamwambia bado nakishona. Akarudi tena wiki iliyofuata, nikamwambia vile vile.

Nilitaka kukuonyesha ile ramani ya mtaa. Nilikufungulia mlango nikiwa nayo mkononi, ukaingia na vumbi la Kabingo, ukala ukiwa umesimama, na nikaiweka chini ya meza. Usiku ule ule mama yako alikuta nimeifumua. Hakuuliza, na nashukuru. Ramani yangu ya kwanza ilikunyima njia ya kutoka hapa. Ningekuja na ya pili kukuzuia njia hii iliyobaki, kwa uso gani? Na ningekuzuia ubaki na nini? Na shamba gani, na shule gani, na uwanja upi? Nimetafuta kitu cha kukuonyesha hapa cha kukufanya ubaki, nimekitafuta kama fundi anavyotafuta sindano iliyoanguka, kwa mikono na magoti. Sikukiona. Kwa hiyo sikuzuii, na usidhani ni baraka. Ni kukosa la kusema.

Lakini juu ya wale wasio na uzi kuna jambo ninalolijua, na ndilo lililonikalisha hapa. Siamini kwamba wote wamekufa. Naamini wengi wako hai. Wamekaa mahali fulani kwenye tope, wagonjwa, wanadaiwa na wenye mashimo, na nauli ya kurudi wangeweza kuipata wakiomba. Hawaombi. Wanangoja wapate kitu kwanza, kwa sababu Espoir alirudi na pikipiki, na wao watarudi vipi na mikono mitupu mbele ya mtaa ule ule. Hicho ndicho ninachokiogopa zaidi ya bunduki na zaidi ya udongo kuporomoka.

Ninakijua kwa sababu ni changu. Bibi yako hukumjua. Nilimwacha kijijini, milimani juu ya Uvira, nikiwa na umri kama wako, nikishuka mjini kujifunza cherehani. Alinisindikiza mpaka njia inapogawanyika, akalishikilia begi langu kama mama yako alivyoukalia mfuko wako sasa hivi. Akaniambia, “Urudie hata bila kitu.” Nilimcheka. Nilimwambia nitarudi nikipata kitu, hata kama ni kitenge kimoja cha kumvalisha siku ya Noeli. Baadaye vikaja vita, akaja mama yako, ukaja wewe, tukavuka mipaka. Nikijitetea husema ni vita. Lakini kabla ya vita ilikuwepo miaka ambayo barabara ilikuwa wazi, na ni mwendo wa siku moja kupanda, na kila nikitaka kwenda nilitazama mikono yangu nikaona haijashika kitu. Alizikwa na majirani. Habari niliipata hapa, kwenye foleni ya mahindi ya msaada, kwa mtu aliyedhani nilishaambiwa.

Basi nakuambia alichoniambia yeye. Urudi hata bila kitu. Bila pikipiki, bila simu, bila viatu, unakohoa, umeshindwa, wakucheke mtaa mzima, wewe urudi. Asubuhi usinijibu. Jibu ninalijua, niliwahi kulitoa mimi.

Papa yako